UKIULIZWA "NILIKUWAJE?"

(Mada iliyotolewa kwa vijana baada ya futari)



Ndugu msomaji, maneno haya yalisemwa kwanza mbele ya vijana wetu hapa Kitui, tukiwa tumeketi na wenzetu kadhaa waliovuka kutoka upande wa Makueni, wengine Wote, wengine Kibwezi. Wao ndio walioomba yaandikwe ili na wale ambao hawakufika wayapate. Nimeyaacha karibu vile yalivyotoka mdomoni. Ukikuta mahali ninaongea kama mtu aliyekaa mkekani badala ya mtu aliyeshika kalamu, basi sababu ni hiyo.

Nilipoitaja mada, kuna mzee aliniangalia vibaya kidogo. "Vichekesho, tena Ramadhani?" Naam mzee wangu, vichekesho. Kwa sababu kila mwaka mwezi huu ukifika, kuna vijana wanaokutana usiku kufanya mazoezi ya michezo ya Idd. (Mimi ningependa wamalize mazoezi katika kumi la kwanza, wasituingilie kumi la mwisho, lakini hayo tutaongea siku nyingine.) Mmoja ataigiza baba anayesinzia kwenye tarawehe. Mwingine ataigiza mama anayegombana na muuza tende. Siku hizi kuna na yule anayesimama peke yake na kipaza sauti, hana mwenzake, hana kanzu ya kuigizia, ana hadithi zake tu. Mbali na Idd kuna harusi, kuna siku ya wazazi shuleni, kuna mikutano ya vijana ya mtaani. Hawalipwi kitu, wanafanya kwa kupenda.

Sasa, kijana akishuka pale jukwaani, jasho bado linamtiririka, humtafuta mtu mmoja anayemwamini na kumuuliza swali moja: "Vipi, nilikuwaje?"

Mada yangu ni swali hilo. Wewe ndiye uliyeulizwa. Utamjibu nini?

Wengi wetu tuna majibu mawili. La kwanza ni "Uliwaua, bro! Watu wamekufa na kicheko!" halafu unampiga bega, mnaenda kula pilau. Ni jibu rahisi, halikugharimu hata shilingi, na kila mtu analala vizuri usiku huo. La pili ni la yule mjuaji: "Aah, achana na hii maneno, wewe rudi kwa biashara yako." Huyu wa pili hujiona mkweli kuliko wote. Lakini hebu tazama, ni nani kati ya hao wawili amemwambia kijana jambo analoweza kulifanyia kazi kesho? Hakuna. Kijana ameondoka vile alivyokuja, ila mmoja amemvimbisha kichwa na mwingine amemuumiza moyo.

Tunajua sote jinsi Mtume (S.A.W.) alivyoiweka nasaha mahali pa juu katika dini. Na tunajua alivyochukia mtu kusifiwa usoni kupita kiasi, mpaka akalifananisha jambo hilo na kumvunja mwenzako shingo. Mimi nilikuwa nikilisikia fundisho hilo nikidhani linahusu kuwasifu watawala na matajiri. Kumbe hata kijana wa miaka kumi na tisa mwenye kipaza sauti cha kuazima anaweza kuvunjwa shingo hivyo hivyo.

Nikwambie ninamaanisha nini. Kuna kijana mmoja wa upande wa Mwingi, jina lake tuliache. Alikuwa anauza vipuri vya pikipiki, kazi yake inaenda vizuri. Alikuwa akichekesha kwenye harusi na kila mtu anamwambia: wewe ni wa televisheni, unapoteza muda hapa. Akaamini. Akaacha kazi, akauza mbuzi zake, akapanda basi hadi Nairobi. Huko alikaa miezi akitafuta nafasi, mwishowe akapata dakika chache mbele ya watu wasiomjua. Anasema kicheko hakikuja. Si kwamba walimzomea, la, wangemzomea angalau angejua wamemsikia. Walinyamaza tu, mmoja mmoja wakaanza kuongea wao kwa wao.

Aliporudi nyumbani ndipo akasikia la kumuuma zaidi. Wale wale waliokuwa wakimwambia "uliwaua" walikuwa wakisemezana wao kwa wao mwaka mzima kwamba hadithi zake ni ndefu, anachelewa kufika penye kicheko. Walijua! Wakaambiana wote, isipokuwa yeye. Hebu fikiria, ndugu msomaji. Neno lile lile, ukimwambia mwenyewe ni nasaha, ukiwaambia wengine ni kusengenya. Maneno hayajabadilika hata herufi moja, masikio tu ndiyo yaliyobadilika.

Wala usidhani Nairobi ni mchezo. Churchill Show ya Daniel Ndambuki imewatoa wachekeshaji wengi wasiokuwa na jina, ikawafanya wajulikane nchi nzima, na kila kijana huku kwetu anaitazama kama mlango wa peponi. Lakini kujulikana si kulipwa, na kulipwa mara moja si riziki. Mwaka 2020, janga la Korona lilipofunga kumbi, wengi walibaki bila kazi. Mwaka huo huo walifariki Kasee na Othuol Othuol, wachekeshaji tuliozoea kuwaona pale jukwaani, na Wakenya wakaanza kuulizana kwa sauti mchekeshaji anaishi vipi taa zikizimwa. Kwa hivyo unapomwambia mtoto wa watu "wewe ni wa televisheni", jua kwamba unashauri juu ya maisha yake.

ALICHEKA NANI?

Ili useme kweli, lazima kwanza uijue. Na hapa ndipo wengi wanateleza hata wakiwa na nia njema, kwa sababu kicheko kinadanganya.

Mchekeshaji wetu wa mtaani ana marafiki ishirini wanaokaa mbele. Hao wanacheka kabla hajafungua mdomo. Akitaja pikipiki wanaanguka, kwa sababu wanakumbuka siku aliyotumbukia mtaroni nayo. Yule mgeni aliyekuja na mke wake kutoka Mutomo hajui mtaro wowote. Anatabasamu kwa adabu. Sasa wewe uliyeketi na wale ishirini utasema ukumbi mzima ulicheka, na hutakuwa umekusudia kudanganya, ila umeshuhudia kipande tu.

Kwa hivyo, ukijua utaulizwa, usikae mbele. Nenda nyuma kabisa, karibu na mlango, wanakokaa kina mama wenye watoto na wazee walioegemea ukuta. Angalia watoto. Mtoto hana unafiki, mchezo ukimchosha anasimama anaanza kuzunguka. Angalia simu, ni saa ngapi zilianza kutolewa mifukoni. Na kama una simu yako, iweke irekodi sauti kutoka huko nyuma. Usirekodi picha, picha itamfanya ajitazame kofia na viatu. Sauti inatosha. Kesho yake msikilize pamoja, na msisikilize maneno yake, sikilizeni kicheko: kilikuja wapi, kilikaa muda gani, kilikosekana wapi.

Utashangaa vile sauti hiyo itasema yenyewe bila wewe kumuudhi. Atajisikia akiendelea kuongea watu wakiwa bado wanacheka, na neno zuri lililofuata likamezwa, hakuna aliyelisikia. Atajisikia akicheka yeye kwanza. Atajisikia akieleza kichekesho baada ya kukisema, "yaani nilimaanisha kwamba...", na ukieleza kichekesho umekizika. Na atasikia kosa letu kubwa sisi watu wa huku, maana tunapenda hadithi: kuanza mbali. Kichekesho chenyewe kiko Sultan Hamud, lakini yeye anaanzisha safari Mtito Andei, anasimama Kibwezi kushusha abiria, anasimama Makindu kunywa chai, anasimama Emali kununua matunda, na akifika Sultan Hamud wenyeji wamelala.

Wale waliopitia mashindano ya drama ya shule watasema, hii si ndiyo kazi ya waamuzi? Ni kweli, na tuna la kujifunza kwao. Mashindano yale yalianza mwaka 1959, na mpaka leo shule za Kitui na Makueni hukutana humo, kuanzia ngazi za chini hadi ya kitaifa, na siku hizi hata mchekeshaji wa peke yake ana nafasi kando ya mashairi, ngoma na masimulizi. Ukishaigiza, mwamuzi husimama mbele ya kila mtu na kueleza alichokiona. Aliyewahi kukaa pale na sare ya shule akingoja kutajwa anajua moyo unavyodunda. Mwamuzi mzuri hasemi "yule msichana hajui kuigiza". Husema sauti ya mhusika fulani haikufika nyuma, au mgogoro ulitatuliwa haraka mno hadi hatukuuamini, au vazi lilimficha uso. Anataja jambo na mahali lilipotokea. Ukirudi shuleni Jumatatu unajua unaanzia wapi.

Lakini kuna kitu kimoja cha mwamuzi usikiazime, nacho ni kule kusimama mbele ya watu. Pale shuleni kila mtu alikuja kushindana, anajua atapimwa hadharani. Kijana wa Idd hakuja kushindana na mtu. Alikuja kutufurahisha, mama yake yuko pale, pengine na binti anayetaka kumposa yuko pale. Ukimkosoa mbele yao, hata useme kweli tupu, hatasikia hata neno moja, atasikia aibu tu.

Kuna na shule nyingine tuliyoipitia sote bila ada, nayo ni mchongoano. Mchongoano hauna unafiki. Ukitoa neno likashika, wenzako wanapiga "Uuuuui!" na wanakimbia mita kumi wakirudi. Lisiposhika, kimya, zamu imekwenda kwa mwingine. Nani aliwahi kupewa kicheko cha huruma kwenye mchongoano? Ni mizani ya haki kabisa. Lakini ina kasoro mbili ambazo mchekeshaji chipukizi huzibeba hadi jukwaani, na wewe mwenye kuulizwa lazima uziangalie.

Kwanza, inapima sentensi moja moja. Kijana anakuja na sentensi thelathini kali zisizofuatana, dakika ya tano watu wamechoka kama waliopigwa mawe. Pili, na hii ndiyo kubwa, kwenye mchongoano uliyemchonga anakujibu. Umemtaja mama yake, naye anamtaja wako, mnamaliza mkiwa sawa. Sasa kijana anapanda jukwaani, anamwona mama mnene mstari wa pili, anaanza kumchonga. Watu wanacheka kweli kweli! Ukiiweka kwenye simu yako utasikia ndicho kicheko kikubwa kuliko vyote usiku ule. Lakini yule mama hana kipaza sauti. Hana zamu. Anacheka na wenzake kwa sababu hana la kufanya, na mwaka ujao haji.

Hapo ndipo utakapojua kama wewe ni mkweli. Kumwambia mtu kwamba kichekesho chake hakikuchekesha ni rahisi, naye mwenyewe aliona. Kazi ni kumwambia kwamba kile kilichochekesha kuliko vyote ndicho anachopaswa kukiacha.

KAMUTI NA LAFUDHI

Nilitaka nifike hapa, kwa sababu hili ni letu sisi wa Ukambani zaidi ya wengine.

Mkenya yeyote akitaka kuchekesha watu kuhusu Mkamba ana mambo mawili mkononi. Uchawi, ile kamuti, na lafudhi. Ati ukimwibia Mkamba wa Kitui mkono unaganda kwenye sufuria. Ati mume wa mtu amenaswa. Hadithi hizo zimezunguka Nairobi miaka mingi, kwenye matatu, redioni, jukwaani, mpaka zimelainika kama sarafu ya zamani. Na vijana wetu wanazichukua huko, wanazileta hapa, wanatuuzia sisi wenyewe.

Ukiulizwa na kijana kama huyo "nilikuwaje", muulize kwa upole: ile ya mkono na sufuria, uliiona wapi? Susu yako aliwahi kufanya hivyo? Atacheka, atasema ah, si watu wote wanaijua. Basi hapo ndipo penye shida. Watu wote wanaijua. Hakuitunga, hakuiona, hakuiongezea kitu. Anayemchekesha mtu kwa kitu alichokijua tayari anamkumbusha tu kwamba aliwahi kucheka.

Na kuna jambo zito nyuma yake. Huko pwani, Kilifi, wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi, wengine na watoto wa ndugu zao, na mara nyingi nyuma ya shutuma kuna shamba linalotakiwa. Watu wazima wenye mvi wameyakimbia makwao. Sisemi kichekesho ndicho kilichowaua. Ninasema tu kwamba kijana anapomweka bibi kizee jukwaani, amempinda mgongo, amemtia macho mekundu, na kila mtu akacheka kwa sababu "anajua" bibi wa namna hiyo ni nani, basi anacheza na moto wa watu wengine. Mwambie hivyo. Hajafikiria, hakuna aliyempa nafasi ya kufikiria.

Lafudhi nayo ina maajabu yake. Lugha ya Kikamba haina g wala d iliyo peke yake, lazima itanguliwe na n, na haina r. Kwa hivyo mtu wetu akisema gari utasikia "ngali". Nairobi kijana akisema "ngali" ukumbi unalipuka hata kabla hajasema ngali imefanya nini. Anarudi Kitui, anasema "ngali" vile vile, kimya. Anafikiri watu wa nyumbani ni wagumu, hawajui vichekesho. Ndugu yangu, hawajasikia kichekesho chochote! Hivyo ndivyo baba zao wanavyosema gari. Unataka wacheke nini?

Sasa yule yule akisimulia vile mama alivyopika muthokoi kutoka alfajiri, na wageni wa Nairobi wakafika saa sita wakaulizia wali, Kitui watu watashika mbavu, Nairobi watauliza muthokoi ni nini. Je, yupi mchekeshaji mzuri, wa "ngali" au wa muthokoi? Mimi nina jibu langu, lakini wewe ukiulizwa, mwambie tu kilichotokea: hawa walicheka hapa, wale hawakucheka, na nadhani sababu ni hii. Asijifunze kwamba ni mzuri au mbaya. Ajue ni nani aliyecheka.

Mtu atanijibu: mbona Mzee Ojwang? Alikuwa Benson Wanjau, si Mjaluo, na kwa miaka mingi kwenye Vitimbi ya KBC alituchekesha kwa lafudhi ya Kijaluo, hadi alipofariki mwaka 2015 nchi nzima ikahuzunika. Swali zuri. Lakini hebu kumbuka tulikuwa tukicheka nini. Tulicheka mzee mwenye makuu nyumbani kwake, anayepanga hila zake, halafu Mama Kayai anamnasa. Ungeitoa lafudhi, yule mzee angebaki, na kila mmoja wetu ana mjomba kama yeye. Lafudhi ilikuwa koti. Vijana wetu wanavaa koti bila mtu ndani.

NAMNA YA KUSEMA

Usimwambie usiku ule ule. Mtu aliyetoka jukwaani damu bado inachemka, umwambie nini? Mwambie jambo moja la kweli lililokuwa zuri, na liwe hasa, si "ulikuwa fiti". Kwa mfano: "Uliponyamaza baada ya kumwita muadhini, watu walikungoja. Hapo uliwashika." Kama hakuna hata moja zuri, basi mwambie ahsante kwa kujitolea, na hiyo pia ni kweli. Mengine mpe miadi. "Kesho baada ya Alasiri tukae."

Na kesho ukae. Usimkimbie!

Mkikaa, muulize yeye kwanza alitaka watu wacheke wapi. Mara nyingi atakutajia mwenyewe palipoharibika, na utakuwa umeokoa nusu ya maneno. Kisha mwambie mambo mawili, yakizidi sana matatu. Najua umeandika kumi. Nane yatangoja. Mtu akipewa makosa kumi anarekebisha lile dogo kabisa na kuyasahau tisa.

Usimtungie vichekesho. Huu ni ugonjwa wetu sisi washauri, tunaanza "mimi ningekuwa wewe ningesema hivi", na baada ya nusu saa kijana ana hadithi ya mtu wa miaka hamsini mdomoni mwake. Kazi yako ni kumwambia palipovuja, fundi ni yeye.

Hebu sikiliza mazungumzo niliyoyasikia kati ya kijana na kaka yake mkubwa, nje ya duka, wala hawakujua nawasikiliza:

"Kaka, niambie ukweli."

"Ukweli wote ama nusu?"

"Wote."

"Ile ya mwalimu wa hesabu nilicheka. Nilicheka hata nikiwa naenda nyumbani."

"Na ile ya Asha?"

"Ile ya Asha watu walicheka."

"Na wewe?"

"Mimi nilimwangalia Asha."

Kijana akanyamaza. Baada ya muda akasema, "Sitairudia." Kaka mtu akabadilisha mazungumzo, akaulizia bei ya ndengu. Hakuongeza hata neno! Mimi nilitamani nimwite yule kaka nimpe mkono, maana mwingine angemsomea hotuba hadi Magharibi.

Na kama aliyeuliza amekuzidi umri? Inatokea. Ustadh wa madrasa naye hupenda kuigiza siku ya Maulidi, na akishuka anakuuliza wewe, mwanafunzi wake. Hapo adabu yetu inatubana, na vizuri itubane. Lakini adabu haikuamrishi useme uongo. Unaweza kumwambia, "Ustadh, kina mama kule nyuma walikuwa wanaulizana umesema nini, nadhani sauti haikufika." Mtu mzima ataelewa. Kama tatizo si sauti, kama ametaja watu asiostahili kuwataja, basi tafuta mtu wa rika lake amwambie. Hiyo si woga, ndivyo tulivyolelewa.

Wako wanaoniuliza: kichekesho chenyewe si ni uongo? Maana tumeonywa vikali juu ya mtu anayesema uongo ili awachekeshe watu, na tunajua Mtume (S.A.W.) alifanya mzaha na hakusema ndani yake ila kweli. Mpaka wa kutunga hadithi ni wapi, hilo nawaachia masheikh, wao ndio wenye elimu. Nitakalolisema mimi ni la upande wa jukwaani tu. Katika michezo yote niliyoiona, kilichochekesha watu wa aina zote, wa mbele na wa nyuma, ni kile ambacho kijana alikiona kwa macho yake akakisema vile kilivyo. Baba anayewasha redio ya Kikamba kwa sauti kubwa ili jirani ajue ameamka. Mama anayekuaga mara saba mlangoni. Hivyo havihitaji kuongezewa chumvi.

Limebaki lile gumu. Umemwona mara nne, mara tano, mbele ya watu tofauti. Umemwambia, amerekebisha, amerudi. Bado hapachekeshi. Naye anakuuliza, na safari hii hajaulizia kichekesho kimoja, anaulizia kama aache kazi.

Usimwambie hana kipaji. Wewe hujui. Amri Athumani wa Tanga, yule King Majuto aliyetutoka mwaka 2018, alikuwa akiingia tu kwenye picha watu wanaanza kucheka, na hakuna mwalimu anayeweza kukueleza kwa nini. Kipaji ni siri ya Mwenyezi Mungu, huwezi kukiona kipo na huwezi kuapa hakipo. Unachokijua ni ulichokiona. Basi kiseme hicho, bila kukipunguza: "Nimekuona mara tano. Mara zote tano watu wasiokujua hawakucheka. Kazi usiache. Mbuzi usiuze. Ukitaka kuendelea, endelea Jumamosi, nami nitakuja kukaa nyuma." Atakasirika. Pengine hatakusalimia wiki mbili. Mvumilie, na Jumamosi ukimwona amepanda jukwaani, nenda ukae pale nyuma ulipoahidi.

Vijana wa mchezo wa Idd wa mwaka huu wameshachagua mtu wao wa kumuuliza. Hawakumchagua rafiki, wamemchagua binti mmoja wa kidato cha tatu ambaye hacheki ovyo, wanasema wamemjaribu. Ataketi upande wa kina mama, karibu na mlango wa jikoni, na simu ya kurekodi sauti. Siku ya pili ya Idd baada ya Alasiri watakaa naye na walimu wao, chai na mahamri wanaleta wao. Anayetaka kuja kusikiliza anakaribishwa, ila akubali kukaa kimya.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.